Printa ikigoma usiku wa kuchapa mitihani: cha kufanya kabla ya kuitupa

Printa imeingia sebuleni kimyakimya. Zamani ilikuwa mashine ya ofisini na ya steshenari ya mtaani. Leo iko juu ya kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu, nayo inalisha familia kwa namna isiyoonekana kirahisi. Mwalimu anachapa mitihani ya majaribio. Mama wa kamati za harusi anachapa kadi za mchango. Kijana aliyemaliza chuo anachapa wasifu wake na barua za kuomba kazi, na mtoto wa darasa la nne anachapa picha ya mmea kwa ajili ya kazi ya sayansi aliyokumbuka saa mbili usiku. Ndiyo maana siku taa ya rangi ya chungwa inapoanza kupepesa, na kioo kidogo kuandika kwamba kichwa cha kuchapia kina hitilafu, kinachosimama si kifaa peke yake.

Pengine msomaji wa safu hii atauliza printa inahusianaje na afya ya familia. Inahusiana kwa sababu ya yale yanayofanyika nyumbani saa chache baada ya taa hiyo kuwaka. Bomba la sindano linatolewa kwenye droo, spiriti inamiminwa kwenye kisosi, mtu anakwenda msalani kuchukua JIK, na chupa za wino zinapangwa sakafuni, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anapita akitambaa na kusimama. Mashine inaweza kupona na mtu akaumia.

Chukua nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Ni Jumapili, saa tatu usiku. Mtihani ni kesho, wanafunzi ni 45, kila mmoja karatasi yake ina kurasa 4. Hizo ni kurasa 180. Hata kama steshenari ingetoza shilingi 100 tu kwa ukurasa, ni shilingi 18,000, fedha ambayo katika nyumba hii tayari ina kazi nyingine. Kurasa 30 zimetoka vizuri, ya 31 imetoka na mistari, kisha mashine imekataa kabisa. Amezima na kuwasha mara sita. Ujumbe ni uleule.

Mume anasema kutoka kwenye kochi, "Si nilikwambia, mama watoto, hiyo mashine imechoka?" Mke anajibu bila kugeuka, "Ungekuwa unaizima kwa kitufe chake, baba, badala ya kule ukutani, isingefika huku." Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu ya mke ni kubwa zaidi.

Matundu membamba kuliko unywele

Kichwa cha kuchapia ni kile kipande kinachokwenda na kurudi juu ya karatasi. Uso wake wa chini una mamia ya matundu, kila moja jembamba kuliko unywele wa binadamu, na kazi yake ni kurusha matone madogo mno ya wino mahali hasa yanapotakiwa.

Zipo njia mbili kubwa za kuyarusha. Ya kwanza ni ya joto, na ndiyo inayotumika katika printa nyingi za nyumbani za Canon na HP. Nyuma ya kila tundu kuna kipande kidogo cha kupashia moto. Umeme ukipita, kinafika nyuzi joto 300 hivi kwa sehemu chache za milioni ya sekunde, wino uliokigusa unachemka, kipovu kinatokea, na kipovu hicho kinasukuma tone nje. Kampuni ya Canon husimulia kwamba wazo hilo lilizaliwa mwaka 1977 maabara, pale chuma cha moto cha kulehemea nyaya kilipogusa kwa bahati sindano ya bomba lenye wino, wino ukaruka kwenye ncha. Njia ya pili ni ya Epson, ambayo haitumii joto. Humo kuna vipande vya kristali vinavyojikunja umeme unapopita, na mkunjo huo ndio unaokamua tone.

Tofauti hiyo si ya wahandisi peke yao. Katika mashine za joto, wino unafanya kazi ya ziada ya kupoza kichwa, kama maji yanavyopoza injini ya gari kwenye rejeta. Mtu anayeendelea kuchapa wakati katriji imekauka, akisema "zitoke hizi mbili za mwisho", anaendesha gari lisilo na maji. Kurasa mbili zinaweza kutoka. Kinachoungua humo ndani hakionekani, na ujumbe wa hitilafu huja wiki inayofuata, watu wakiwa wameshasahau.

Sasa lile la swichi ya ukutani. Wino wa printa ya nyumbani ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hukauka. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kuketi juu ya kifuniko cha mpira kinachoziba matundu yasipigwe na hewa. Ukizima ukutani katikati ya kazi, au LUKU ikiisha, kichwa kinabaki wazi hapohapo kilipokuwa. Katika chumba chenye feni inayozunguka usiku kucha, au katika hali ya hewa kavu ya Dodoma, wino ulio kwenye ncha za matundu unageuka ukoko. Wino mweusi huwahi zaidi, kwa kuwa katika mashine nyingi ni wa chembechembe zilizoelea kwenye maji, tofauti na wino wa rangi ulioyeyuka kabisa. Basi umeme ukikatika katikati ya kuchapa, ukirudi washa printa, iache imalize kuguruma, halafu izime kwa kitufe. Dakika moja tu, lakini nyumba chache sana hufanya hivyo.

Kuziba si sawa na kufa

Hapa ndipo fedha nyingi za wino hupotea. Kichwa kilichoziba huendelea kuchapa, ila vibaya: mistari myeupe, rangi iliyopotea, herufi zilizokatika. Kichwa chenye hitilafu ya umeme, au ambacho mashine haikitambui, hakichapi kabisa, nayo mashine inakataa hata kuanza. Mwenye printa akiona neno "kichwa" kwenye ujumbe hukimbilia amri ya kusafisha kwenye kompyuta, mara nne, mara tano, na kila mara wino unavutwa na kumwagwa kwenye sponji lililo chini ya mashine. Kama shida ni ya umeme, amesafisha kitu ambacho si kichafu, na sasa hana wino.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma ujumbe wenyewe na kuupiga picha kwa simu, pamoja na herufi na namba zake. Kwenye baadhi ya mashine za Canon, B200 huashiria kwamba volteji au joto la kichwa haliko sawa, na U052 kwamba kichwa kilichowekwa si cha aina yake au hakitambuliki. Baadhi ya HP huandika wazi kwamba kichwa hakipo au kimeharibika. Namba ileile inaweza kuwa na maana nyingine kwenye modeli nyingine, hivyo kitabu cha mashine husika ndicho cha kuaminiwa kuliko jirani.

Kisha izimwe kwa kitufe, plagi itolewe ukutani, na iachwe dakika kumi. Si dakika moja. Umeme uliobaki ndani unahitaji muda kuisha, na mashine inahitaji kuanza upya ikiwa haina kumbukumbu ya kilichoitisha. Ikirudishwa, ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni moja na friji na pasi. Mara nyingine ujumbe unaondoka hapo, hasa kama umeme ulishuka kwa nukta chache wakati wa kuchapa, na watu wakaanza kutafuta ugonjwa mkubwa.

Usipoondoka, fungua mfuniko na umulike kwa tochi ya simu. Kipande cha karatasi kilichokwama, kibanio, sarafu iliyotumbukizwa na mtoto, hata sindano ya kushonea, vyote vimo katika orodha ya vitu vinavyozuia kichwa kisifike mahali pake, na mashine ikashindwa kujieleza vizuri ikasema tu kuna hitilafu. Kama katriji ni mpya, angalia kama utepe wa plastiki umebanduliwa na kama imelia "ta!" ilipowekwa. Hayo yanachekesha hadi siku yanapotokea kwako.

Baada ya hapo ni lazima kujua mashine ni ya ukoo gani, kwa sababu tiba zinaachana njia.

Katika printa za bei nafuu za HP na nyingi za Canon zenye katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi, kichwa kimo kwenye katriji yenyewe. Ukinunua katriji mpya umenunua na kichwa kipya. Hapa jawabu ni jepesi: toa moja, uone kama ujumbe unaondoka, irudishe, utoe nyingine. HP nyingi za namna hii hukubali kufanya kazi na katriji moja tu. Kwa mwalimu wetu wa Jumapili usiku hiyo ni habari njema kuliko zote. Kama mgonjwa ni katriji ya rangi, aitoe na aiweke pembeni, achape mtihani wake kwa nyeusi, alale.

Ukoo wa pili ni mashine zenye vikebe vya wino vilivyotengana, kila rangi na chake, vinavyoingia juu ya kichwa kimoja kinachoweza kutolewa kwa kuinua kishikizo. Canon wana nyingi za hivi. Ukoo wa tatu ni Epson, pamoja na zile zenye matenki ya wino pembeni zilizojaa kwenye steshenari zetu, ambamo kichwa kimefungwa ndani na hakikutengenezwa kitolewe na mtu wa nyumbani. Kwenye hizi, matundu yakiziba, fanya usafi wa kwenye menyu usiozidi mara tatu, ukichapa karatasi ya majaribio kila baada ya mara moja. Bila mafanikio, zima kwa kitufe na uache kwa muda wa saa 12, yaani usiku mzima, ili viputo vya hewa vipande na ukoko ulainike, halafu ujaribu tena. Kuna pia usafi mzito unaovuta wino mwingi kwa mkupuo. Usiuanzishe tenki likiwa chini ya theluthi, kwa maana mashine itavuta hewa na shida ya jana itaonekana nafuu.

Kwa mashine ambazo kichwa au katriji hutoka, sehemu ya kuangalia kwanza ni zile doa ndogo za rangi ya shaba au dhahabu nyuma yake, na wenzake walioko ndani ya kibebeo. Hapo ndipo kichwa na mashine wanapozungumza. Mafuta ya kidole au tone la wino lililovuja linatosha kukata mazungumzo hayo. Futa taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, kikiwa na unyevu kidogo tu, halafu acha pakauke kabisa. Asilimia ngapi ya mashine hupona hapa hakuna haja ya kubuni. Inatosha kusema ni hatua isiyo na gharama, na fundi mwaminifu huanza nayo.

Maji gani, dawa gani

Kichwa kinachotoka kikiwa na ukoko kinaweza kuoshwa. Watu huosha kwa kila kitu: maji ya bomba, siki, soda, kitakasa mikono, mafuta ya taa. Hapa inafaa kutulia.

Maji ya bomba na ya kisima yana chumvichumvi zinazobaki kwenye matundu yakikauka, kama zile zinazoonekana ndani ya birika la chai. Maji yanayofaa ni yale yaliyotoneshwa, ambayo wengi tunayajua kwa jina la maji ya betri na huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari. Tahadhari yake ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Rafu ileile mara nyingi ina asidi ya betri, kwenye chupa zinazofanana, na muuzaji aliyechoka anaweza kutoa yoyote akisikia neno "betri". Asidi hiyo inaunguza ngozi na kupofusha macho. Soma lebo kabla ya kulipa, na chupa isiyo na lebo usiipokee hata ukipunguziwa.

Maji yawe vuguvugu, ya kugusika kwa kidole bila kuruka. Kunja karatasi laini au kitambaa kisichoacha nyuzi, kiloweshe, kiweke kwenye sahani ambayo haitarudi jikoni, na ukalishe kichwa juu yake, matundu yakiwa chini. Robo saa hivi, badilisha kitambaa, rudia hadi rangi ipungue. Kinacholowa ni uso wa matundu tu. Bodi yenye doa za shaba ibaki kavu. Halafu inakuja sehemu inayowashinda wengi, yaani kungoja. Kichwa kinatakiwa kukauka siku nzima, kivulini, bila draya ya nywele wala kuanikwa juani. Kichwa chenye maji kikipelekewa umeme hupiga shoti, na shoti hiyo inaweza kuua kichwa chenyewe na bodi kuu ya mashine kwa pamoja. Vichwa vingi vilivyoweza kupona huishia hapo, kwa haraka ya mtu aliyeona "kimeshakauka tu".

Kwa hesabu hiyo, Jumapili saa tatu usiku si wakati wa kuosha kichwa. Kama katriji si ya kutoa moja na kubaki na nyingine, mwalimu atume faili kwa WhatsApp kwenye steshenari inayofungua alfajiri, akubali gharama ya siku moja, na mashine ioshwe Jumamosi akiwa ametulia. Mume anayesisitiza kwamba "tutaimaliza leoleo" apewe kazi ya kupiga pasi sare za watoto.

Spiriti nayo ina aina zake. Isopropili safi hufaa kufuta zile doa za shaba kwa sababu hukauka haraka. Spiriti ya kusafishia vidonda si lazima iwe hiyohiyo. Nyingine zina mafuta ndani yake, mazuri kwa ngozi na mabaya kwa printa. Kitakasa mikono cha ute ndicho kibaya zaidi, maana kina vitu vya kulainisha ngozi na kufanya kiwe kizito, na vyote vinabaki kwenye matundu. Tangu kipindi cha UVIKO-19 chupa zake zimebaki kila nyumba, ndiyo maana kishawishi ni kikubwa.

Mvuke wa spiriti unashika moto. Nyumba zetu ndogo zina jiko la mkaa mlangoni, jiko la gesi hatua tatu kutoka sebuleni, na umeme ukikatika, mshumaa mezani karibu kabisa na kisosi cha spiriti. Kazi hii ifanywe mchana, dirisha wazi, pasipo moto wa aina yoyote, na mtu asivute sigara karibu.

Halafu kuna ile ya hatari zaidi. Wapo wanaosafisha vichwa kwa dawa ya kufutia vioo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina amonia inayoyeyusha wino mkavu. Wakimaliza, meza na mikono imejaa rangi, wanachukua JIK kuondoa madoa. Amonia ikikutana na JIK hutoa gesi inayochoma macho, koo na mapafu. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya, na mtoto anayecheza sakafuni huivuta kama mtu mzima. Ikitokea harufu kali ya kuchoma baada ya vitu hivyo kuchanganyika, watu wote watoke nje kwanza, milango ifunguliwe, na asirudi mtu kuokoa printa. Anayekohoa bila kukoma au kushindwa kupumua apelekwe kituo cha afya haraka.

Mikono yenyewe haihitaji JIK. Wino wa printa kwenye ngozi huondoka kwa sabuni na maji, na kinachobaki huondoka chenyewe ngozi inapojibadilisha, siku tatu, nne. Kwenda kazini na vidole vya bluu si aibu. Kuchubua mikono kwa dawa ya choo ni kujitafutia vidonda. Glovu za bei ndogo za duka la dawa zinamaliza mjadala wote huu.

Chupa zinazofanana na juisi

Wino mwekundu, wa njano na wa bluu kwenye chupa ndogo zenye mdomo mwembamba ni kishawishi kwa mtoto. Wengine hununua wino wa kupima na kuutia kwenye chupa ya maji au ya soda, kisha kuiweka chini ya meza. Wino usihamishwe kamwe kwenda kwenye chupa ya kitu kinachonywewa. Ubaki kwenye chupa yake yenye lebo, juu, mahali pa kufungwa.

Mtoto akilamba au kumeza kidogo, mara nyingi madhara si makubwa na kinachotisha zaidi ni mdomo wenye rangi, lakini si kazi ya mzazi kukisia. Asuuzwe kinywa, anywe maji kidogo kama yuko macho na anameza vizuri, asitapishwe, na apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu aone ni nini hasa. Maziwa, ambayo bibi wengi huyakimbilia, si dawa ya kila sumu na hayapaswi kuchelewesha safari. Wino ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope zikiwa zimeinuliwa, na likiendelea kuwa jekundu au kuuma, mtu aende akaangaliwe.

Mabomba ya sindano ya kujazia wino yawe mapya, yaliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Kuokota lililokwisha kutumika kwa mgonjwa, hata wa nyumbani, ni kukaribisha homa ya ini na VVU kwa ajili ya kuokoa shilingi mia chache. Ukijichoma kwa sindano ya wino, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na uulize kituoni kuhusu chanjo yako ya pepopunda. Sindano zikimaliza kazi ziingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Mfuko wa rambo wa taka utamchoma mtoto au kijana wa kuzoa taka.

Kununua kichwa au kununua printa

Zimefanyika zote: plagi, tochi, doa za shaba, maji ya betri, siku nzima ya kukauka. Ujumbe umerudi uleule. Hapo uwezekano mkubwa ni kwamba kichwa kimekufa kwa umeme, na hakuna maji yatakayokifufua. Fundi anaweza kusema kinunuliwe kingine, na Kariakoo vinapatikana, vipya na vilivyotolewa kwenye mashine nyingine. Kabla ya kutoa fedha, kuna la kumuuliza: amepima bodi kuu? Kichwa kilichopiga shoti kinaweza kuwa kimeharibu bodi, na bodi mbovu inaweza kuunguza kichwa kipya dakika kinapowekwa. Familia imelipa mara mbili na bado haina printa. Aulizwe pia kama kichwa hicho ni kipya au cha kutolewa, na kama kikifa wiki ijayo nani atabeba hasara. Fundi mzuri hatachukia maswali hayo.

Hesabu yenyewe ni ya wazi kuliko ubishi wa kwenye kochi. Bei ya kichwa pamoja na ufundi ikizidi nusu ya bei ya printa mpya ya aina ileile, fedha hiyo ni heri iende kwenye mpya. Ikiwa chini ya hapo, na mashine haina miaka mingi, kutengeneza kuna maana. Kwa nyumba inayochapa kurasa mia na zaidi kwa wiki, mashine ya matenki hurudisha gharama yake kwenye wino. Kwa nyumba inayochapa mara moja kwa mwezi, hata printa yenyewe ni anasa, kwani itaziba kwa kukaa bure, na steshenari ya jirani itakuwa nafuu. Mwenye kuibakiza basi achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama ni picha ya kuchora ya mtoto.

Ile ya zamani isigeuzwe gari la kuchezea watoto. Ndani yake kuna sponji lililoloa wino wa miaka yote na sehemu ya umeme isiyopaswa kufunguliwa na bisibisi ya jikoni. Toa katriji, funga vizuri midomo ya matenki, iweke ndani ya mfuko wa plastiki, ndipo umuite mnunuzi wa skrepa. Waya wake wa umeme ubaki nyumbani. Wa printa nyingi za siku hizi huingia hata kwenye redio.